Kuchangia mayai ya uzazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka pande mbili: kwa wasichana wanaofikiria kuchangia mayai, na kwa wanandoa wanaoyahitaji. Nafanya kazi ya ushauri nasaha na hukutana na wote. Majibu yangu yanaegemea msimamo mmoja ambao sitauficha: anayechangia ni mgonjwa kamili kama anayepokea. Anachomwa sindano, analazwa usingizi, anaingizwa sindano ndefu ndani ya mwili. Anastahili daktari wa kumwangalia yeye, faili lake yeye, na bima yake yeye. Nyingi ya shida ninazozisikia huanzia pale anapohesabiwa kama njia tu ya kumfikisha mtu mwingine kwenye mtoto.

Ni nani hasa anahitaji yai la mwanamke mwingine?

Mwanamke ambaye ovari zake zimeacha kazi mapema, pengine akiwa na miaka 30 tu. Aliyetibiwa saratani kwa dawa au mionzi. Aliyezaliwa bila ovari zinazofanya kazi. Mwenye ugonjwa wa kurithi ambao hataki kuupitisha kwa mtoto. Na kundi kubwa zaidi ni wanawake waliovuka miaka 40 au waliojaribu IVF, yaani yai na mbegu ya kiume kukutanishwa maabara, kwa mayai yao wenyewe ikashindikana. Mfuko wa uzazi hauzeeki kwa kasi ya mayai, ndiyo maana mwanamke wa miaka 45 anaweza kubeba mimba ya yai la msichana wa miaka 25 na matumaini yake yakafuata umri wa yule msichana.

Si jambo geni. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, alizaliwa Uingereza Julai 1978, na mimba za mayai ya kuchangiwa zikafuata mapema miaka ya 1980. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa IVF mwaka 2006, kwa mikono ya Dkt. Joshua Noreh jijini Nairobi.

Nikichangia, mayai yangu yataisha? Nitakosa watoto wangu baadaye?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila msichana, na mara nyingi analiuliza kwa sauti ya chini. Mayai hayaishi kwa sababu hiyo. Msichana anapovunja ungo huwa na mayai laki tatu hadi nne hivi. Kila mwezi kundi la mayai huanza kukua, moja hukomaa, mengine hufa yenyewe. Dawa za kuchangia huyaokoa yale ambayo yangekufa mwezi huo. Hazichoti akiba ya mwakani.

Kinachoweza kuharibu uzazi wako ni madhara ya utaratibu wenyewe: maambukizi makali ya nyonga, au ovari kujisokota na kukosa damu. Hayo hutokea mara chache, lakini hutokea, na ndiyo maana nasisitiza habari ya kliniki kukufuatilia hata baada ya mayai kutoka.

Inakuwaje, hatua kwa hatua?

Kwanza vipimo na mazungumzo, ambavyo vinaweza kuchukua wiki kadhaa. Kisha, hedhi ikianza, unaanza kujichoma sindano za homoni kwenye ngozi ya tumbo, chini ya kitovu, kila siku, kwa muda wa siku 8 hadi 14. Sindano yenyewe ni nyembamba na haiumi sana. Kinachosumbua ni mengine. Dawa nyingi zinatakiwa kukaa kwenye friji, na msichana wa hosteli hana friji yake. Nimemwona mmoja aliyeweka kalamu ya kuchomea dawa ndani ya kopo la siagi kwenye friji ya pamoja ili wenzake wasiulize. Saa ya kuchoma ni ileile kila jioni, uwe kwenye matatu au kwenye mtihani.

Kila baada ya siku mbili tatu unarudi kliniki kwa altrasaundi ya njia ya uke. Daktari anahesabu vifuko vya mayai na kuvipima kwa milimita. Vikubwa vikifika karibu milimita 18, unapewa sindano ya mwisho ya kuyakomaza mayai. Sindano hii ina saa yake kamili, kwa sababu mayai lazima yatolewe kama saa 36 baadaye, kabla hayajatoka yenyewe. Siku hiyo unalala usingizi wa dawa, daktari anapitisha sindano ndefu ukutani mwa uke akiongozwa na altrasaundi, na kunyonya maji ya kifuko kimoja kimoja. Ni dakika 20 hadi 30. Kwa kawaida hupatikana mayai kama 10 hadi 15, wakati mwingine zaidi. Unaamka, unakaa saa chache, unarudi nyumbani na mtu wa kukusindikiza. Usikubali kurudi peke yako kwa bodaboda.

Jambo moja linalosahaulika: usifanye tendo la ndoa bila kinga katika kipindi hiki chote, mpaka daktari akuruhusu. Una mayai mengi yaliyokomaa kwa mpigo mmoja, na yakibaki hata mawili ndani, unaweza kushika mimba ya mapacha usiyoipanga.

Hatari ni zipi? Wakala anayezitafutia kliniki wachangiaji kaniambia ni kama kuchangia damu.

Si kama kuchangia damu. Kutoa damu kunachukua muda mfupi, hakuhitaji homoni wala usingizi. Anayekwambia hivyo ama hajui, ama anataka ukubali haraka.

Hatari inayozungumzwa zaidi ni ovari kuchochewa kupita kiasi. Zinavimba, maji yanavuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kujaa tumboni. Kwa wengi ni tumbo kujaa na kichefuchefu, basi. Kwa wachache inakuwa dharura: uzito unapanda zaidi ya kilo moja kwa siku, mkojo unapungua, unatapika bila kukoma, pumzi inakata, damu inaweza kuganda mguuni au kwenye mapafu. Wanawake wembamba wenye umri mdogo na mayai mengi, pamoja na wenye ovari za vifukovifuko, wako hatarini zaidi. Na tazama: hao ndio hasa kliniki inaowapenda kama wachangiaji.

Habari njema ni kwamba kuna namna ya kuizuia. Sindano ya mwisho ya kukomaza mayai ni za aina mbili. Ile ya zamani, ya homoni iitwayo hCG, hukaa mwilini siku nyingi na ndiyo inayochochea tatizo. Ya pili, inayoufanya ubongo wenyewe utoe homoni kwa muda mfupi, inapunguza hatari ya hali mbaya hadi karibu kuiondoa. Mchangiaji habebi mimba mwezi ule, kwa hiyo hakuna sababu ya kumnyima hii ya pili. Muulize daktari wako moja kwa moja: "Utanipa sindano gani ya mwisho, na kwa nini?" Uliza pia atasimamisha dawa vikifika vifuko vingapi. Daktari mzuri hatakasirika.

Hatari nyingine ni kutokwa damu ndani, maambukizi, athari ya dawa ya usingizi, na ovari kujisokota. Ukipata maumivu makali ya ghafla upande mmoja yakiambatana na kutapika, usisubiri asubuhi. Kwa wiki mbili hivi acha kukimbia, kuruka na kubeba ndoo za maji.

Kuhusu miaka mingi baadaye, hakuna daftari la taifa Kenya wala Tanzania linalofuatilia wachangiaji wa mayai. Hilo ni kosa kubwa, na linaweza kurekebishwa bila gharama kubwa.

Nitapimwa nini?

VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono, klamidia, kundi la damu, homoni ya kuonyesha wingi wa mayai, na altrasaundi ya ovari. Kwa watu wa ukanda wetu, kipimo cha selimundu si cha hiari. Ukiwa na kinasaba kimoja huumwi, na pengine hukuwahi kujua. Mume wa mpokeaji naye akiwa nacho, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa na ugonjwa wenyewe. Kanda ya Ziwa na Pwani vinasaba hivi ni vingi. Wanandoa, msikubali mchangiaji ambaye majibu yake ya selimundu hayapo kwenye karatasi, na mume apimwe vilevile.

Wewe mchangiaji, una haki ya kupewa majibu yako yote hata ukikataliwa. Wapo wasichana waliojulia hapa kwamba wana homa ya ini B, na wakaondoka bila kuelekezwa popote pa kutibiwa. Hilo halivumiliki.

Ni halali kulipwa? Si ni kuuza mwili?

Nchi zimejibu tofauti. Ujerumani imepiga marufuku kabisa kuchangia mayai kwa sheria ya mwaka 1990 ya kulinda viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa. Italia ilipiga marufuku mwaka 2004, Mahakama ya Katiba ikaifuta marufuku hiyo mwaka 2014. Uingereza inaruhusu fidia ya kiwango kilichowekwa: pauni 750 kwa miaka mingi, kisha mwaka 2024 ikapandishwa karibu na pauni 1,000. Marekani soko ni huria. Huko chama cha madaktari wa uzazi kilikuwa na mwongozo kwamba malipo ya zaidi ya dola 10,000 hayafai; wachangiaji wakakishtaki mwaka 2011 wakisema madaktari wanapanga bei ili wao wapate kidogo, na kesi ilipomalizika kwa makubaliano mwaka 2016 kiwango hicho kikaondolewa.

Nilikuwa mmoja wa wanaosema malipo yawe madogo sana ili maskini asivutwe. Sisemi hivyo tena. Katika chumba kile daktari analipwa, maabara inalipwa, wakala analipwa. Kumwambia msichana pekee atoe kwa moyo ni kumdhulumu na kumpa sifa badala ya haki. Fidia iwe ya haki kwa muda, maumivu na hatari. Ninachokataa ni namna inavyolipwa. Malipo yakifungwa na idadi ya mayai, kila mtu anapata sababu ya kumwongezea dawa. Malipo yakitolewa yote mwishoni tu, msichana anayejisikia vibaya siku ya tisa hawezi kuacha, kwa sababu ameshakopa nauli na karo. Alipwe kwa hatua, na daktari akisitisha kwa ajili ya usalama wake, alipwe bado.

Ukiwa unachangia kwa sababu karo inadaiwa Ijumaa, tafadhali ahirisha. Siyo kwamba shida yako si ya kweli. Ni kwamba mtu mwenye tarehe ya mwisho shingoni haulizi maswali.

Wakala anataka nichangie tena mwezi ujao, kwa kliniki nyingine. Je?

Hapana. Chama cha Marekani nilichokitaja kinapendekeza mwisho wa mara sita maishani. India, kwa sheria ya mwaka 2021, inaruhusu mara moja tu, na mayai yasizidi saba, na inawalazimisha wanandoa kumkatia mchangiaji bima ya miezi 12. Kwetu hakuna rejista ya pamoja, hivyo kliniki ya pili haijui ya kwanza imefanya nini. Anayejua ni wewe na wakala, na wakala anapata kamisheni kila ukirudi.

Kuna na sababu ya watoto. Afrika Kusini inaweka kikomo cha watoto sita kwa mchangiaji mmoja. Uingereza, familia kumi. Nairobi ni jiji kubwa, lakini watoto wa tabaka moja husoma shule zilezile na huoana.

Sheria ya Kenya na Tanzania inasemaje?

Kwa miaka mingi Kenya imeendesha IVF bila sheria yake mahususi. Mbunge Millie Odhiambo alianza kusukuma muswada wa jambo hili mwaka 2014 na amerudi nao bungeni zaidi ya mara moja. Muswada si sheria mpaka utiwe saini, kwa hiyo siku unayosaini fomu mwombe wakili akuambie hali ilivyo siku hiyo. Hatari ya pengo hili ilionekana mwaka 2014, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipoamua kesi ya mapacha waliobebwa tumboni na mwanamke mwingine kwa ajili ya wanandoa. Maofisa wa watoto waliwachukua wachanga hao hospitalini kwa sababu hakuna aliyejua mama wa kisheria ni nani.

Kwa upande wa kuchangia mayai mkanganyiko ni mdogo, maana cheti cha kuzaliwa huandikwa jina la aliyejifungua. Mpokeaji ndiye anayejifungua. Tanzania nayo haina sheria mahususi ya IVF. Kilichopo ni sheria za jumla za mtoto na za tiba. Ila nchi zote mbili zina sheria ya kulinda taarifa binafsi, Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022, na taarifa zako za afya zimo. Unaweza kuitumia kudai nakala ya faili lako.

Mtoto anaweza kuja kunitafuta?

Weka akilini kwamba anaweza, hata kama fomu inasema jina lako litafichwa milele. Uingereza ilifuta usiri kwa waliochangia kuanzia Aprili 2005: mtoto akifika miaka 18 anaweza kupewa jina la mchangiaji, na wa kwanza walifikisha umri huo mwishoni mwa 2023. Hispania na Afrika Kusini bado zinaficha jina. Lakini vipimo vya DNA vya kujinunulia vimepita juu ya sheria zote. Inatosha binamu yako aliyeko Minnesota ateme mate kwenye kichupa, na mtoto akafanya hivyo hivyo akiwa Toronto. Kliniki inayokuahidi siri ya milele inakuahidi kitu isichokimiliki.

Mdogo wangu amejitolea kunichangia. Tukubali?

Inaweza kuwa zawadi kubwa kuliko zote, na mtoto atamjua tangu siku ya kwanza. Angalieni mambo mawili. Aongee na mshauri peke yake, bila wewe, bila mama yenu, na aambiwe kwamba akikataa kliniki itatoa sababu ya kitabibu na hakuna atakayejua. Nimewaona mabinti waliosema ndiyo mbele ya dada na kulia mlango ulipofungwa. Pili, elewaneni mapema: akiwa mama mdogo wa mtoto, abaki mama mdogo. Siku mtakayogombana juu ya shamba au matanga, lisirushwe neno "mwanangu" mbele ya watu. Na umri wake uzingatiwe. Mdogo wa miaka 38 ana upendo mwingi, lakini mayai ni ya miaka 38.

Dini inaruhusu?

Kwa Waislamu wa Sunni, ambao ndio wengi pwani yetu, jibu la wanazuoni ni hapana. Al-Azhar ilitoa fatwa mwaka 1980, na Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lililokaa Amman mwaka 1986, lilichambua njia saba na kuharamisha tano, zote zenye mtu wa tatu ndani yake. IVF ya mume na mke wenyewe, ndani ya ndoa, inaruhusiwa. Hoja kuu ni nasaba. Kwa Washia kuna tofauti: Ayatollah Khamenei wa Iran aliruhusu kuchangia mayai kwa masharti mwaka 1999, wengine hawakukubaliana naye. Kanisa Katoliki linapinga IVF yenyewe, kwa waraka wa 1987 na mwingine wa 2008. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yamemwachia muumini na mchungaji wake.

Wanandoa, kaeni na kiongozi wenu kabla, siyo mimba ikiwa na miezi minne. Na wewe mchangiaji una haki ya kuuliza vilevile. Dhamiri yako haikai kliniki.

Mtoto atafanana na mimi niliyembeba?

Kwa vinasaba, hapana. Vitatoka kwa mchangiaji na kwa mume wako. Ndiyo maana kliniki huulizia kabila, rangi ya ngozi, kimo na kundi la damu. Kwa mwendo, sauti, kucheka na kukasirika, watoto hufanana na wanaowalea.

Nina miaka 52. Nimechelewa?

Novemba 2023 mwanamke wa miaka 70 alijifungua mapacha Kampala kwa mayai ya mchangiaji, na tangu hapo swali hili limekuja kwa wingi. Inawezekana na inafaa ni mambo mawili tofauti. Watoto wale walizaliwa kabla ya wakati, kwa upasuaji. Mimba ya yai la kuchangiwa huongeza hatari ya kifafa cha mimba kwa umri wowote, na umri unaongeza juu yake. Wataalamu wa Marekani hawapendekezi baada ya miaka 55. Pima moyo, presha na sukari kwanza, na omba kipandikizwe kiinitete kimoja tu. Daktari anayekubali kuweka vitatu "ili tusikose" anacheza na maisha yako.

Tumwambie mtoto?

Ndiyo, na mapema, kabla hajaanza shule, kwa maneno mepesi. Wanaojua wakiwa wadogo huwa wanaichukua kama habari ya kawaida ya kuzaliwa kwao. Wanaogundua wakiwa na miaka 25, kwa majibu ya hospitali au kwa shangazi mwenye hasira, wanaumizwa zaidi na kufichwa kuliko na yai. Na kuna sababu ya afya: daktari akimuuliza kama kwenu kuna saratani ya matiti, asijibu kwa historia isiyo yake.

Nisaini nini, na nisisaini nini?

Fomu iwe kwa lugha unayoielewa, na uende nayo nyumbani kabla ya kusaini. Niliwahi kuonyeshwa moja iliyosema, kwenye ukurasa wa nne kwa maandishi madogo, kwamba matatizo yoyote baada ya saa 48 yatagharamiwa na mchangiaji. Ovari zilizochochewa kupita kiasi huanza kuonyesha dalili kali siku ya tatu, ya nne, hata ya saba. Aliyeandika sentensi ile alijua anachofanya. Kataa kifungu kama hicho. Dai maandishi kwamba kliniki italipia matibabu yako mpaka upone, na upewe namba ya simu ya daktari inayopokelewa usiku. Ijaribu kuipiga kabla hujaanza dawa.

Fomu iseme pia mayai yatatumika kwa nani, yatagandishwa au la, yanaweza kuuzwa nchi nyingine au kutumika katika utafiti au la. Weka nakala yako.

Nikibadili mawazo katikati?

Unaweza. Mpaka mayai yatolewe, mwili ni wako na hakuna mkataba unaoweza kukulazimisha ulale juu ya kitanda kile. Huko Uingereza sheria inampa mchangiaji haki ya kuondoa ridhaa hata baada ya hapo, mpaka kiinitete kiwekwe kwa mpokeaji. Kwetu, baada ya mayai kutoka, tegemea kilichoandikwa kwenye fomu yako. Mpokeaji ataumia, na huenda naye ameshaanza dawa za kuandaa mfuko wa uzazi, kwa hiyo mapema ni bora kuliko kuchelewa. Ila usiache sindano kimyakimya na kuzima simu. Mpigie daktari siku ileile, umweleze dawa uliyochoma mwisho na saa uliyoichoma, ili akuelekeze namna ya kusimamisha na akupime tena baada ya siku chache.